Mipira ya motokari ya mbio: soma ubavu mbele ya kutoa pesa

Leo sitaongea mihindi, mihogo wala mbolea. Nitaongea mipira ya motokari, yenye wengi wetu tunaita pineu, na zaidi mipira ya motokari ya mbio. Najua kuna mwenye atauliza: agronomu na pineu, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Mpira unaanza kama utomvu wa mti, hevea, wenye tulisoma darasani. Na kazi yake ya kila siku ni kukutana na udongo, mawe na maji. Hayo njo mambo yetu.

Nilianza kufuata habari hii juu ya yaya wangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, hapa Lubumbashi. Alinunua Toyota 86 ya okazio kutoka Japani, ikapita Dar es Salaam na Kasumbalesa. Motokari nzuri, ya chini, ya milango miwili. Lakini mipira yake ilikuwa imeisha, na yaya anaenda Kolwezi kwa kazi kila baada ya wiki mbili. Ni karibu km 300, kwenye barabara yenye malori ya migodi yanapita usiku na mchana, na mvua ilikuwa karibu kuanza. Akaniambia: "Mudogo, weye njo ulisoma. Twende tuchague mipira." Kwetu mwenye kuwa na lisansi anaulizwa kila kitu, hata kama lisansi yenyewe ni ya mashamba. Basi mbele ya kwenda naye nilikaa nikasoma vizuri.

Jambo kubwa lenye nilishika ni hili. Injini inakupa kwenda, lakini mpira njo unakupa kusimama na kukata kona. Mpira mzuri si ule mpana kuliko yote, wala ule wenye sura ya kuogopesha. Ni ule wenye namba zake zinapatana na motokari, umri wake ni mdogo, na mifereji yake inaweza kutoa maji ya mvua yetu. Na karibu hayo yote yameandikwa kwenye ubavu wa mpira. Mtu hahitaji kuamini maneno ya muuzaji. Anahitaji tu kusoma.

1. Motokari yote inasimama kwenye viganja vinne

Tufanye hesabu ya karibu karibu. Toyota 86 ikiwa tupu ina uzito wa kilo kama 1250. Ukiweka watu wawili na mizigo kidogo, inafika kilo 1400. Gawa kwa mipira minne: kilo 350 kila mmoja. Ndani ya mpira kuna hewa ya bari 2,4, maana yake kila sentimeta ya mraba inabeba karibu kilo 2,4. Ukigawa 350 kwa 2,4 unapata karibu sentimeta za mraba 145. Ni kama mraba wa sentimeta 12 kwa 12. Basi. Kila mpira unagusa barabara mahali pakubwa kama kiganja cha mkono, na viganja vinne njo vinashika motokari yote ikiwa kwenye kilometa 120 kwa saa.

Wenye walifanya stage kwenye mashamba makubwa wanajua kanuni hii. Trakta ikiingia shambani tunapunguza hewa hadi karibu bari 1, ili mguu wa mpira upanuke na udongo usishindiliwe. Hewa ikipungua, mguu unakuwa mkubwa. Hewa ikiongezeka, unakuwa mdogo. Kwa hiyo ukubwa wa mguu unaamuliwa zaidi na uzito pamoja na hewa. Upana wa mpira unabadilisha zaidi umbo lake: mpira mwembamba una mguu mrefu, mpira mpana una mguu mfupi wenye kulala kwa upande. Shikeni hiyo, tutairudilia tukifika kwenye maji.

2. Namba za ubavuni zinasema nini

Kwenye motokari ya yaya kulikuwa na maandishi haya: 215/45R17 87W. Tuyafungue moja moja.

215 ni upana wa mpira kwa milimeta. 45 ni kimo cha ubavu, si kwa milimeta lakini kwa asilimia ya ule upana: 45% ya 215 ni karibu mm 97. R ni radiali, namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Mipira ya motokari ndogo ya leo karibu yote iko hivyo. 17 ni ukubwa wa janti kwa inchi.

87 ni namba ya uzito. Haisemi kilo 87. Ni namba ya kutafuta kwenye jedwali, na 87 maana yake mpira mmoja unaweza kubeba kilo 545. Namba 82 ni kilo 475, namba 91 ni kilo 615. Mwisho kuna herufi ya mwendo: T ni hadi km 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270.

Hapa wengi wanacheka: "Nani ataendesha 270 kwenye barabara ya Likasi?" Hakuna, na asijaribu. Lakini herufi ile inaongea pia joto. Mpira ukikimbia, ubavu unakunjwa na kunyooka mara nyingi kwa kila sekunde, na hiyo inazaa joto. Mpira wenye herufi ya juu umejengwa kuvumilia joto zaidi. Kwa motokari ya mbio usishuke chini ya herufi na namba zenye kiwanda kilitoa. Kupanda unaweza, kushuka hapana.

3. Mpana zaidi si mzuri zaidi

Muuzaji wa kwanza alituonyesha mipira 235/40R18 pamoja na janti zake, zinang'aa sana. Yaya akapenda mara moja. "Mudogo, angalia hii, motokari itakuwa ya kweli!" Nikamwambia, yaya, ngoja kwanza tupige hesabu.

Mpira wa kiwanda, 215/45R17, una kimo chote cha karibu mm 625. Ule 235/40R18 una mm 645. Tofauti ni kama 3%. Saa ya mwendo itaonyesha 100 wakati unaenda 103, na mpira unaweza kugusa bodi ukikata usukani wote. Hiyo bado si kubwa. Kubwa ni maji.

Lubumbashi inapata mvua ya karibu mm 1200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwisho wa Oktoba na Aprili. Ni mvua nyingi kwa muda mfupi, na mitaro yetu tunaijua. Mpira ukifika kwenye maji, unapaswa kuyasukuma pembeni mbele ya kugusa barabara. Mguu mfupi na mpana una maji mengi mbele yake na muda mdogo wa kuyatoa. Maji yakikosa njia, mpira unapanda juu yake kama mtumbwi. Hapo usukani unakuwa mwepesi, breki hazifanyi kitu, na motokari inaenda penye inataka. Motokari nyepesi yenye mipira mipana inafika pale haraka kuliko motokari nzito yenye mipira ya kawaida.

Tena kuna jambo lenye lilinishangaza. Toyota 86 ilipotoka mwaka 2012, kiwanda kiliivalisha Michelin Primacy HP, mpira wa motokari za kawaida za familia, si wa mashindano. Mainjinia walitaka motokari nyepesi yenye dereva anaisikia mikononi hata kwenye mwendo wa kawaida. Kama wenye waliitengeneza hawakuona haja ya mipira mipana, sisi wa barabara za mashimo tunatafuta nini?

4. Mifereji na umri

Kwa mpira mpya mifereji ina kina cha karibu mm 8. Sheria ya nchi za Ulaya inakataza kushuka chini ya mm 1,6. Tafuta herufi TWI kwenye bega la mpira; ukifuata pale utaona vidonge vidogo ndani ya mfereji. Uso wa mpira ukilingana na vile vidonge, mpira umefika mm 1,6, umekwisha. Lakini kwa mvua yetu usingoje pale. Mimi nasema ikifika mm 3, anza kutafuta pesa. Shamba lenye mifereji iliyojaa mchanga haliwezi kutoa maji, hata kama mifereji bado inaonekana kwa macho.

Halafu umri. Tafuta neno DOT, fuata mstari ule mpaka mwisho wake, utaona tarakimu nne. Mfano 3519: wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingi ziko upande mmoja tu wa mpira, na wakati mwingine ni ule upande unaangalia ndani. Ukikosa, lala chini uangalie. Mpira unazeeka hata kama haukimbii. Jua, joto na ozoni ya hewa vinaukausha, unakuwa mgumu, unapasuka mistari midogo midogo. Mifereji inaweza kuwa mirefu kabisa na mpira ukawa tayari umekufa. Watengenezaji wengi wanaomba mpira uangaliwe na fundi kila mwaka ukipita miaka 5, na usipite miaka 10 kwa namna yoyote.

Wengi wenu mnamjua Paul Walker wa zile filamu za motokari. Alikufa tarehe 30 Novemba 2013 kule California, ndani ya Porsche Carrera GT yenye ilikuwa inaendeshwa na rafiki yake. Polisi walisema mwendo ulikuwa mkubwa kupita kiasi, kati ya km 130 na 150 kwa saa, na hiyo njo sababu waliyotaja. Lakini walisema pia mipira ilikuwa na miaka tisa, na kwamba uzee ule uliweza kuharibu ushikaji wa motokari. Ilikuwa motokari ya bei kubwa sana. Pesa haikukosa pale. Ni mipira tu ilibaki ya zamani.

5. Mipira ya theluji sokoni kwetu

Hii wengi hawajui. Okazio zinakuja kutoka Ulaya na Japani, nchi zenye baridi. Kwa hiyo katikati yake kuna mipira ya theluji. Alama yake ni mlima mdogo wenye nyota ya theluji ndani. Ya Japani mara nyingi imeandikwa STUDLESS. Uso wake una mikato myembamba mingi sana, na ukiubonyeza kwa ukucha unasikia ulaini.

Muuzaji atakwambia: "Yaya, hii iko laini, njo inashika muzuri." Ni kweli inashika, lakini kwenye barafu. Mpira ule ulitengenezwa kwa joto la chini ya nyuzi 7. Hata baridi yetu ya mwezi wa saba haitoshi, sababu mchana jua linarudi. Na mwezi wa kumi, joto likipita nyuzi 30, mpira ule unalegea, unacheza kwenye kona, unaisha haraka. Kwa motokari ya mbio ni hatari. Ukiona theluji ubavuni, rudisha.

6. Ujanja wa kuangalia kwenye okazio

Sisemi okazio zote ni mbaya. Mtu ananunua kulingana na mfuko wake. Lakini angalia mambo haya:

- Mifereji yenye ilichongwa upya kwa kisu cha moto. Utaona mikato haina kina kimoja, na vile vidonge vya TWI vimekatwa au vimepotea. Mipira ya malori yenye imeandikwa REGROOVABLE inaruhusiwa kuchongwa. Ya motokari ndogo hapana. Chini ya mfereji wenye ulichongwa hakuna tena nyama, ni nyuzi.
- Uvimbe kwenye ubavu, hata mdogo kama punje ya mhindi. Maana yake nyuzi za ndani zilikatika kwenye shimo. Siku moja utapasuka.
- Kiraka ubavuni. Kiraka kinafaa kwenye uso wenye kugusa barabara tu, na kiwe cha kubandikwa kutoka ndani.
- Rangi nyeusi ya kung'aa. Ifute kwa kitambaa chenye maji. Chini yake njo utaona mipasuko.

Na kwa kwado: asikuwekee shambrer ndani ya mpira wa ubavu mfupi ili kuficha uvujaji. Viwili hivyo vinasuguana, vinapata joto, na hewa inaweza kutoka mara moja ukiwa kwenye mwendo.

7. Janti ya 17 ao ya 16?

Hapa njo tulikaa muda mrefu. Kiwanda kilitoa Toyota 86 na mipira ya namna mbili kulingana na daraja la motokari: 215/45R17 na 205/55R16. Yote miwili ni halali. Ile ya pili ina ubavu wa karibu mm 113 badala ya 97, na kimo chote ni mm 632, tofauti ya 1% tu. Zile mm 16 za ubavu zinaonekana kidogo, lakini ukiingia kwenye shimo la barabara njo zinaokoa janti.

Ubavu mfupi una faida yake: motokari inajibu haraka ukigeuza usukani. Kwenye barabara laini ningesema baki na 17. Kwetu, nilimwambia yaya ashuke kwa 16, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mashimo. Ya pili: 205/55R16 inavaliwa na motokari nyingi sana za kawaida. Ukipasua mmoja Likasi ao Kolwezi, una matumaini ya kupata mwingine siku ileile. Mpira usiopatikana ni sawa na mbegu nzuri yenye haiuzwi karibu na kwenu.

Janti nazo zilipatikana. Toyota 86 ilitengenezwa pamoja na Subaru, ina matundu 5 kwenye duara la mm 100, kama Impreza nyingi, si zote. Mbele ya kulipa, weka janti moja mbele, izungushe kwa mkono, uone haigusi breki. Yaya alifanya vile, ikapita.

8. Kupachika na hewa

Mipira minne iwe ya aina moja. Pesa ikikosa, basi angalau miwili ya mhimili mmoja ilingane kabisa, na ile mipya zaidi iende nyuma. Watu wanabishana: "Motokari inasukumwa mbele, mbona mipya inaenda nyuma?" Ni hivi: mbele ikiteleza, unapunguza mwendo na motokari inarudi. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, motokari inazunguka, na wachache kati yetu wanaweza kuirudisha. Kwa wenye Subaru ya kusukuma mipira yote minne kuna sharti lingine: kiwanda kinaomba mizingo ya mipira isitofautiane kupita robo inchi, karibu mm 6. Ukichanganya mpya na mzee, unaua sanduku lenye linagawa nguvu, na hilo linazidi bei ya mipira.

Kama kuna mshale na neno ROTATION, mshale uangalie mbele. Kama imeandikwa OUTSIDE, upande ule uonekane nje. Simama pale kwado anafanya kazi, usiende kunywa.

Hewa pima asubuhi, mipira ikiwa baridi. Kiasi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Motokari ya Japani ina maandishi ya kijapani, lakini namba ni zile zile: 240 kPa ni bari 2,4, yaani kile kwado anaita kilo mbili na nukta nne. Hewa pungufu inaleta joto ubavuni na inafanya motokari ielee kwenye maji mapema. Nunua manometri yako mwenyewe.

9. Hesabu ya pesa

Tuchukue mfano tu. Okazio nne kwa dolari 40 ni 160, na zinadumu mwaka mmoja. Mipya minne kwa dolari 100 ni 400, na inadumu miaka mitatu. Kwa miaka mitatu okazio zimekula 480, bila kuhesabu kila mara umemlipa kwado. Weka bei za mtaa wenu, ufanye hesabu yako. Mara nyingi maskini njo analipa zaidi, juu analipa kidogo kidogo. Na kama pesa ya mipira minne mipya haiko, ni bora motokari ipumzike mwezi mmoja, yaya apande bisi kwenda Kolwezi. Nilimwambia hivyo. Hakufurahi, lakini alipanda bisi mara mbili mpaka pesa ikafika.

Kwa hiyo, ukienda kununua, beba vitu vitatu: tochi ya simu, kitambaa chenye maji, na karatasi yenye umeandika ukubwa, namba ya uzito na herufi ya mwendo ya motokari yako. Soma tarakimu nne za mwisho wa DOT mbele ya kuuliza bei. Muuzaji mwenye anakuachia usome, ongea naye. Mwenye anakuharakisha, anasema "yaya, hiyo haina maana, lipa tu", mwage pale pale. Duka la mipira halikosi. Mtu mwenye amelala kwenye mtaro wa barabara ya Likasi, huyo harudishwi na bei nzuri.